Shajara ya mzani wa viazi: kutoka kaunta buku mpaka Lambda

Jumamosi 3 Mei 2025

Nimepanda kosta asubuhi nikaenda Isyonje, huku huku Mbeya, kwa mama mdogo, baridi yake aisee hata mwezi wa sita haujafika, ukungu mpaka saa nne ndo unaanza kuona mtu wa upande wa pili wa barabara. Mama mdogo anakusanya viazi mviringo kwa wakulima alafu anawapakilia matajiri wa Dar, na hesabu zake zote ziko kwenye kaunta buku moja lenye jalada limechanika, siku likiloa ndo basi tena.

Ila anachotaka nimsaidie siyo kaunta buku, ni lumbesa. Mkulima anasema nimeleta gunia kumi, dalali naye anasema ni kumi, na wote wako sahihi, tatizo gunia la huyu lina kilo mia na la yule limevishwa nyavu juu limeshonewa kilemba mpaka limegonga mia na thelathini. Wakala wa Vipimo kila mwaka wanapiga kelele gunia lisizidi kilo 100 na kila mwaka vilemba viko pale pale. Kwaiyo mama kanunua mzani wake, anapima gunia moja moja, anataka zile kilo ziingie mahali ambapo mkulima akija kuuliza baada ya mwezi anaonyeshwa, na binti yake (dada) anayeuza sokoni Mwanjelwa mjini auone mzigo muda huo huo bila kupigiana simu kila nusu saa.

Nikamwambia mama nakutengenezea kitu cha kwenye simu. Akaniuliza "na mtandao ukikata?" nikasema tutaona. (Swali hili naliandika hapa kwa sababu najua litarudi.)

Wakati naondoka fuso likaingia, nikasimama kuangalia wanavyofanya. Pale hakuna mpakiaji wa mshahara. Vijana wanaota moto kibarazani, gari dogo likija anaitwa mmoja, kubwa likija wanaitwa wanne, wanalipwa kwa gunia, mzigo ukiisha kila mtu anapotea zake. Kesho unaweza kumpata yule yule wa jana, au ukampata mwingine kabisa ambaye hajui jana kulipakiwa nini. Ndani ya kosta kurudi mjini nikawa najisemea hii si ndo Lambda hii, ile huduma ya Amazon inayoamsha programu yako pale tu inapoitwa.

Jumapili 4 Mei

Uamuzi. Fremuweki (kiunzi cha kujengea programu ya wavuti) ni Flask ya lugha ya Python, kwa sababu ndo naijua, na kitu chenyewe kina kurasa nne tu: kuingia, kupima, orodha ya mkulima, jumla ya siku. Django, fremuweki nyingine kubwa zaidi, ni nzuri ila ni kama kukodi semi kwenda kubeba gunia tatu.

Sehemu ya kuhosti ndo imenichukua muda. Kuna njia ya kawaida, unakodi seva ndogo kwa karibu dola 5 kwa mwezi, kama elfu kumi na tatu hivi, inakaa macho usiku na mchana. Sasa mama anapakia siku mbili tatu kwa wiki, zilizobaki seva inakaa kama mlinzi wa duka lililofungwa, na mimi ndo wa kuisasisha, kuangalia diski isijae, kuiwasha ikizima. Njia ya pili ni hii wanayoiita bila seva. Seva ipo bwana, asikudanganye mtu, ila siyo yako na huioni, wewe unaleta kodi zako (za programu, siyo zile za TRA), ombi likija wanaiamsha, likiisha wanailaza, na unalipia idadi ya maombi na muda iliokuwa macho tu. Lambda ya Amazon iko tangu 2014 na Python waliiongeza mwaka uliofuata, kwaiyo siyo kitu cha majaribio. Na kila mwezi maombi milioni moja ya kwanza ni bure. Mama mdogo hata akipima viazi vyote vya Mporoto hafikii milioni.

Nimechagua Lambda. Kibarua wa kibarazani.

Jumamosi 10 Mei

Kwenye laptopu imekubali. Nimeiandika usiku tatu baada ya kufunga kibanda (mchana natengeneza simu Mwanjelwa), data zinakaa kwenye SQLite, databesi ya faili moja tu, tamu kabisa. Vitufe nimevifanya vikubwa makusudi kwa sababu pale mzanini watu wana udongo vidoleni. Neno "weight" sikuliweka popote, nimeandika KILO, na pembeni kuna alama nyekundu ikizidi 100.

Jumapili 11 Mei

Leo ni siku ya kudiploi (kuipandisha programu mtandaoni) na nimekula mweleka mara tatu.

Kwanza, Lambda haijui Flask. Yenyewe inaita funksheni moja, inaikabidhi ombi kama kamusi ya Python na inataka irudishiwe kamusi. Flask inaongea WSGI, utaratibu wa Python wa kuongea na seva za wavuti. Kwaiyo unahitaji mkalimani katikati, mimi nimetumia apig-wsgi, faili zima la main.py ni hili:

from apig_wsgi import make_lambda_handler
from app import app
lambda_handler = make_lambda_handler(app)

Mistari mitatu. Hapa nikajiona bingwa.

Pili, nikafunga kila kitu kwenye zip nikapandisha, nikawasha ile anwani ya funksheni yenyewe, waliianzisha 2022, inakupa kiungo cha https moja kwa moja bila kupitia API Gateway, mlango mwingine wa Amazon wa kupokea maombi. Nikafungua. Sekunde tatu, kimya, alafu kosa. Kwenye logi (kumbukumbu za yaliyotokea): Task timed out after 3.00 seconds. Kumbe ukitengeneza funksheni mpya wanaipa sekunde 3 za kufanya kazi na memori ya MB 128, na usipogusa ndo inabaki hivyo. Mwisho kabisa inaruhusiwa dakika 15 lakini kwa ukurasa wa wavuti hakuna mtu wa kusubiri dakika 15. Nikaweka sekunde 20. Memori nikapandisha 512, na hapa kuna kitu ambacho sikukijua: CPU hawakuuzii peke yake, inakuja kwa uwiano wa memori. Ukibana memori umebana na kasi, ndo maana Flask ilikuwa inajikongoja hata kuamka.

Tatu, ikafunguka! Nikaingia, nikaandika gunia la kwanza, kilo 98, nikabonyeza HIFADHI. Kosa: attempt to write a readonly database. Folda lote ulilopandisha kule ni la kusoma tu. Sehemu pekee unayoruhusiwa kuandika ni /tmp, ina MB 512 za kuanzia. Nikasema si kazi ndogo hiyo, nikabadilisha njia ya faili la SQLite ikaenda /tmp, nikapandisha tena, nikaandika gunia, ikakubali. Saa saba usiku. Nikalala nikiwa nimefurahi kabisa.

Naacha sentensi hiyo ya mwisho kama ilivyo ili siku nyingine nijicheke.

Jumamosi 17 Mei

Leo ndo mama kaitumia kwa mara ya kwanza kwenye mzigo wa kweli, na imezingua vibaya.

Mpaka saa sita mchana walikuwa wamepima gunia 41. Kaunta buku linasema 41 (mama hakuliacha, na Mungu ambariki kwa hilo). Dada yupo Mwanjelwa anapiga simu, "mbona mimi naona 27?" Mama anafungua yake, anaona 14. Nikamwambia fungua tena upya. 27. Tena. 14. Mi niko kibandani nimeshika simu ya mteja mkono mmoja nawaza hii kitu imerogwa. Alafu nikajumlisha. 27 na 14 ni 41.

Gunia zote zilikuwepo, ila kwenye mifuko ya vibarua wawili.

Naeleza hapa vizuri maana kwenye kutafuta sikuona mtu aliyeielezea kwa lugha ya kueleweka. Kila mazingira ambayo Lambda inayaamsha yanahudumia ombi moja tu kwa wakati mmoja. La pili likija kabla la kwanza halijaisha, anaitwa kibarua wa pili, na huyo ana /tmp yake mwenyewe, na kwenye /tmp yake kuna SQLite yake mwenyewe, mpya, tupu. Hawaonani. Na usidhani lazima uwe na watu wengi ndo itokee, ukurasa wangu ulikuwa unaleta html, faili la mitindo na kipicha cha kiazi nilichochora, yote kupitia Flask, kwaiyo mtu mmoja tu akifungua ukurasa brauza inaomba html, ikishaisoma inatuma maombi mengine mawili kwa mpigo na vibarua wawili wanaamka. Baada ya hapo nani anapokea gunia lipi ni bahati nasibu.

Jioni nikapata jibu la swali la pili, je wakilala inakuwaje. Saa tatu usiku nikafungua: gunia 0. Wote wamerudishwa makwao, mifuko imeenda nao.

Nikampigia mama kumpa pole. "Shikamoo mama, ile hesabu ya leo imepotea." Akanyamaza kidogo. "Marahaba. Imepotea kwenye simu au imepotea kwangu?" Nikasema kwenye simu. "Basi haijapotea mwanangu, lala."

Jumapili 18 Mei

Kwaiyo sheria niliyoibandika ukutani kwa penseli juu ya meza: USIMWACHIE KIBARUA KITU. Chochote unachotaka kukikuta kesho kikae nje ya funksheni.

Data zinahamia Postgres, databesi inayokaa kwenye seva yake yenyewe. Nimepata ya bure ya kiwango kidogo, mashine zao ziko Frankfurt. Picha ya kiazi nimeifuta (inauma kidogo), mitindo nimeiingiza ndani ya html yenyewe, sasa ukurasa mmoja ni ombi moja.

Kupandisha psycopg2 (kifurushi kinachounganisha Python na Postgres) nako kuna sarakasi yake. Laptopu yangu ni Windows, nikafanya pip install (pip ndo kisakinishi cha vifurushi vya Python) kama kawaida nikafunga zip, kule ikagoma: No module named 'psycopg2._psycopg'. Ukifungua zip unaliona folda la psycopg2 limekaa pale, ila ndani yake kuna kipande kilichokusanywa kwa lugha ya mashine ya Windows na Lambda ni Linux. Dawa yake ni kumwambia pip akuletee cha Linux hata kama wewe uko kwingine:

pip install --platform manylinux2014_x86_64 --python-version 3.12 --only-binary=:all: --target package psycopg2-binary

Hiyo 3.12 usiipuuze. Laptopu ina 3.11, Lambda nimechagua 3.12, mara ya kwanza sikuitaja nikapata kosa lile lile nikazunguka saa nzima nikidhani ni kitu kingine.

Alhamisi 22 Mei

Imekubali kuandika na kusoma Postgres. Gunia haziruki tena.

Ila dada analalamika inamtoa nje. Anaingia na paswedi, anaangalia orodha, anabonyeza siku nyingine, inamwambia ingia tena. Nikadhani anakosea. Nikaenda mwenyewe kwenye meza yake, kweli, mara ya tatu ya nne inakutupa nje.

Nimelipata usiku na ni aibu. Kwenye app.py kuna mstari nilioandika siku ya kwanza: app.secret_key = os.urandom(24). Huo ndo ufunguo Flask inaotumia kusaini kuki ya mtu aliyeingia. Kwenye laptopu programu inaamka mara moja, ufunguo unatengenezwa mara moja, raha. Kule kila kibarua akiamka anajichongea ufunguo wake, kwaiyo dada anapewa kibali na kibarua A, anaenda nacho kwa kibarua B, B anakiangalia anasema huu mhuri siujui, toka. Nimeisoma sheria yangu ya ukutani mara mia wiki hii na bado sikuona kwamba na ufunguo nao ni kitu. Nimeuhamisha kwenye vigezo vya mazingira, ile sehemu unajaza siri kwenye mipangilio ya funksheni, pamoja na paswedi ya Postgres ambayo, nakiri, ilikuwa imeandikwa wazi ndani ya kodi.

Jumamosi 31 Mei

Umeme ulikata Alhamisi na Ijumaa jioni, sikufanya kitu. Leo mzigo umepita bila hitilafu, gunia 63. Ila ni NZITO. Mama anasema "inafikiria sana."

Jumapili 1 Juni

Siku ya kupima kwa nini inafikiria sana, na ndo siku nimejifunza kitu kikubwa kuliko zote.

Funksheni niliiweka Cape Town. Mantiki yangu ilikuwa rahisi, Amazon walifungua vituo Cape Town 2020, ni Afrika, ni karibu na Mbeya kuliko Ulaya, hapo hapo. Na kweli ukipima kutoka simu mpaka Cape Town ni nafuu. Ila Postgres iko Frankfurt. Nikaweka saa ndani ya kodi nikaona kila swali moja la databesi linaenda Frankfurt na kurudi kwa karibu milisekunde 160. Ukurasa wa orodha ya mkulima ulikuwa unauliza maswali tisa (niliandika kivivu, unachukua mkulima, alafu siku zake, alafu kila siku unajumlisha). Tisa mara 160, sekunde na nusu imeishia barabarani, hapo bado intaneti ya Isyonje.

Ni kama umemuajiri mpishi jirani na mezani ili chakula kisipoe, lakini stoo iko Makambako, na kila akihitaji chumvi anapanda basi.

Nikahamisha funksheni ikaenda Frankfurt, jirani na Postgres. Simu ya mama sasa inaongea na sehemu ya mbali zaidi, ila inaenda safari moja, na yale maswali tisa yanamalizika kule kule ndani kwa milisekunde chache. Ukurasa umeshuka kutoka sekunde tatu na kitu mpaka chini ya moja ikiwa imeshaamka. Alafu nikayapunguza yale maswali yakawa mawili, kwa GROUP BY, yaani databesi yenyewe inajumlisha kila siku kwa mpigo, kama mtu mwenye adabu.

Kwaiyo siyo karibu na mtu, ni karibu na data. Sijui kwa nini niliamini kinyume.

Alhamisi 5 Juni

Bado ile ya kwanza asubuhi inachukua sekunde nne. Hiyo ni kuamka: wanatafuta mashine, wanashusha zip yako, wanaamsha Python, wanasoma Flask na SQLAlchemy (kifurushi ninachotumia kuongea na databesi), ndo wakusikilize. Wazungu wanaita kuanza na baridi, na kwa Isyonje mwezi wa sita jina limekaa mahali pake. Kuna wanaopanga kengele iipige funksheni kila dakika chache isilale. Nimeona ni kumlipa kijana akeshe kibarazani wakati hakuna gari. Mama akifika anafungua simu kabla hajashusha mzani, ukija kuweka gunia la kwanza imeshaamka.

Jumamosi 14 Juni

Mpya leo. Asubuhi yote safi, wakapumzika kula, waliporudi ombi la kwanza likaanguka: server closed the connection unexpectedly. La pili likakubali.

Hii naipenda kwa jinsi ilivyo. Ombi likiisha kibarua hafukuzwi papo hapo, anagandishwa, kama filamu iliyosimamishwa, akisubiri kama kuna lingine. Muunganisho wake wa Postgres anaganda nao mkononi. Upande wa pili Postgres haijaganda, inaona huyu kanyamaza muda mrefu, inakata. Kibarua akiyeyushwa anaongea kwenye simu iliyokatwa akidhani mwenzake bado yupo. Kwenye SQLAlchemy nimeweka pool_pre_ping=True, anasema "haloo" kwanza, asipojibiwa anapiga upya. Na pool_size=1, kwa sababu kibarua anashika ombi moja tu, miunganisho mitano ya nini.

Jumapili 15 Juni

Suala la mtandao kukata limerudi kama nilivyosema. Mama anabonyeza HIFADHI, simu inazunguka, anabonyeza tena, gunia moja linaandikwa mara mbili. Nimeweka namba ya siri isiyojirudia ndani ya kila fomu, na kwenye jedwali hiyo namba haikubaliwi mara mbili: ON CONFLICT DO NOTHING. Abonyeze hata mara kumi.

Jumamosi 21 Juni

Fuso lilichelewa, wakapakia usiku. Asubuhi dada anauliza mbona mzigo wa leo hauonekani na wa jana umeongezeka.

Saa za aina tatu zimegongana. Mama anasema walipakia saa nane usiku wa kuamkia leo. Kwenye simu yake ni 02:00. Kwenye Lambda saa iko UTC, masaa matatu nyuma yetu, kwaiyo kule ilikuwa 23:00 na tarehe bado ni ya jana. Kila gunia la kabla ya saa tisa usiku linaangukia siku iliyopita. Kwenye databesi nimeacha UTC, ila jumla ya siku inageuzwa kwanza kuwa Africa/Dar_es_Salaam kabla ya kukatwa tarehe, na kifurushi cha tzdata, chenye kanuni za saa za kila eneo la dunia, nimekiongeza kwenye zip nisitegemee kilichopo kule. Na kwenye kioo nimeandika "saa 8 usiku" badala ya 02:00. Mama kaiangalia akasema "ndaga fijo (asante sana), sasa imejifunza kuongea."

Jumatano 2 Julai

Bili ya Juni imekuja. Dola 0.00. Nimeipiga picha. Niliweka na onyo la bajeti, ikifika dola 2 niletewe barua pepe, maana hii kodi yangu siku ikijiita yenyewe kwa bahati mbaya usiku kucha sitaki kujua mwisho wa mwezi. Logi nazo nimeweka zifutwe baada ya siku 30, usipozigusa wanazihifadhi milele na uhifadhi una bei yake.

Jumatatu 7 Julai

Sabasaba, kibanda kimefungwa, nimepanda Isyonje kulinganisha hesabu za mwezi mzima, kaunta buku upande huu na simu upande huu, mama anasoma mi natiki. Siku ya kwanza mpaka ya kumi na tisa ziko sawa. Siku ya ishirini mimi nina pungufu, gunia moja, kilo 104, la mzee mmoja wa Kikondo.

Nikajibu haraka kwamba huenda aliliandika kwenye daftari akasahau kwenye simu. Mama akasema hapana, aliliandika, na simu ikamwambia IMEHIFADHIWA, kijani kabisa.

Tukarudia. Akanionyesha anavyofanya siku hizi: akimaliza gunia moja, badala ya kubonyeza GUNIA JINGINE chini kabisa ya ukurasa, anabonyeza kitufe cha simu cha kurudi nyuma, maana jina la mkulima linabaki limejazwa hahitaji kuliandika tena, anabadilisha kilo tu. Ujanja mzuri. Mara nyingi brauza inaomba ukurasa upya na namba mpya inakuja. Mara chache inakurudishia fomu ile ile ya zamani kutoka kwenye kumbukumbu yake, na ile namba yangu ya siri ile ile. Databesi ikaona namba imejirudia, DO NOTHING, ikatupa gunia la mzee, na mimi niliandika kodi inayosema IMEHIFADHIWA bila kuuliza kama kweli kuna kilichohifadhiwa.

Nimeirekebisha hapo hapo juu ya gunia, laptopu magotini, bando la mama: namba ikijirudia na kilo ni zile zile, sawa, kimya. Kilo zikiwa tofauti inaonyesha zote mbili na kuuliza hili ni gunia jipya au unasahihisha. Na jina la mkulima sasa linabaki limejazwa kwenye GUNIA JINGINE, ambacho nimekipandisha juu.

Kilo 104 nimeziingiza kwa mkono, tarehe 20 Juni. Mama kaweka tiki kwenye kaunta buku kwa kalamu nyekundu, akalifunga akalirudisha ndani ya mfuko wa nailoni.